Onani Alikosa Nini?

Leo yatubidi tuseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida halitajwi mimbarani, wala mbele ya wakwe. Mama aliye karibu na redio pamoja na watoto wadogo anaweza kuwatuma kisimani kwanza. Lakini wale waliokwisha kubaleghe waacheni wakae wasikie, maana mmoja wao ndiye aliyetuandikia.

Barua yenyewe ni kurasa nne, imeandikwa kwa penseli. Mwandishi wake ni kijana wa shule ya sekondari; jina lake tunalo, wala hatutalisema. Asema kwamba kwa muda wa miaka miwili amekuwa na mazoea ya kujichua, yaani lile jambo ambalo wavulana wenzake huliita punyeto. Halafu siku moja mwalimu aliwakusanya wavulana baada ya ibada ya jioni akawaambia kwamba ye yote afanyaye hivyo atapofuka, au ataingiwa na wazimu, wala hatapata mtoto maisha yake yote. Tena kwamba hiyo ndiyo dhambi iliyomwua Onani katika Biblia. Tangu siku hiyo kijana huyu hajakaribia Meza ya Bwana. Imeandaliwa mara tatu, na mara zote tatu ametoka nje akisingizia tumbo. Kila asubuhi huyachungulia macho yake katika kioo. Mwishoni mwa barua ametuuliza maswali mawili: Je, watu wa kale walilijua jambo hili? Na je, mimi nitakufa kama Onani?

Mwanetu, tutakujibu yote mawili. Tutaanza na la kwanza, kwa kuwa la pili haliwezi kujibiwa vema mpaka la kwanza limefunguliwa.

Ndiyo, watu wa kale walilijua. Tena katika nchi moja walilitia ndani ya habari za kuumbwa kwa ulimwengu. Katika Mwanzo sura ya 41 twasoma kwamba Farao alimwoza Yusufu binti wa kuhani wa mji wa Oni. Mji huo Wayunani waliuita Heliopolis, na leo umemezwa na vitongoji vya Kairo. Makuhani wa Oni walifundisha kwamba hapo mwanzo palikuwa na maji matupu, naye mungu wao Atumu akatokea peke yake, hana mke wala mwenzi. Sasa mungu asiye na mke atapataje watoto? Maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi za wafalme huko Sakara, zaidi ya miaka 2,200 kabla ya Kristo, yasema bila kuficha kwamba alitumia mkono wake mwenyewe, na katika mbegu zake wakatoka Shu, aliye hewa, na Tefnuti, aliye unyevu. Hata baadaye, katika mji wa Thebe, ule ambao nabii Nahumu auita No-Amoni, mwanamke mkuu aliyemtumikia mungu Amoni alipewa cheo cha "Mkono wa Mungu". Wasumeri nao, katika nchi ya mito miwili, walikuwa na shairi la kale lisemalo kwamba mungu wao Enki aliujaza mto Hidekeli kwa mbegu zake.

Msidhani kwamba kwa sababu hiyo Wamisri waliwafundisha vijana wao kufanya hivyo. Maandishi hayo yanahusu mwanzo wa vitu vyote, hayahusu desturi za nyumbani. Makuhani walikuwa na fumbo la mmoja aliyezaa peke yake, wakalifumbua kwa njia waliyoiona. Baadaye makuhani wa Memfisi wao walisema kwamba mungu wao Pta aliumba kwa moyo na kwa ulimi. Jiwe lenye maneno hayo, lililochongwa yapata miaka 700 kabla ya Kristo, liko London hata leo katika British Museum. Wana wa Israeli waliokaa Misri walikuwa wakiishi katikati ya habari za namna hii. Basi ukifungua Mwanzo sura ya kwanza ukaona kwamba Mungu asema na vitu vikawa, pasipo mkono wala mbegu wala mke, ujue kwamba kwa watu wa wakati ule maneno hayo yalikuwa na mshindo ambao sisi hatuusikii tena.

Wayunani walilichekea. Katika michezo ya kuchekesha iliyochezwa Athene lilikuwa ni jambo la mtumwa, au la maskini asiye na fedha za kumwendea kahaba. Alikuwako mtu mmoja, jina lake Diogenesi wa Sinope, aliyeishi miaka ya 300 na kitu kabla ya Kristo. Huyu alilala ndani ya mtungi mkubwa, akala cho chote, akawatukana wakubwa. Waandishi wa baadaye wasimulia kwamba alilifanya jambo hilo sokoni mchana, na alipokemewa akajibu kuwa anatamani njaa nayo ingetulizwa kwa kulisugua tumbo tu. Sisi hatumsifu; mtu aliyetupa haya yake sokoni si mwalimu wa vijana wetu. Lakini angalieni alivyofikiri: kwake mwili ni tumbo, na haja zake zote ni njaa.

Mtakaoshangaa zaidi ni matabibu wao. Wawili kati ya wakuu wao walitoka katika miji mnayoijua kutoka Ufunuo wa Yohana. Sorano alitoka Efeso, akafanya kazi Rumi yapata mwaka wa 100 baada ya Kristo. Yeye alifundisha kwamba kila mbegu itokapo mwili hupungukiwa na nguvu, na kwamba kukaa bila kujamiiana kabisa ni afya kwa mwanamume na kwa mwanamke. Galeni alitoka Pergamo, akazaliwa mwaka wa 129. Yeye alisema kinyume, kwamba mbegu ikizuiliwa sana mwilini huharibika na kuleta ugonjwa. Tena akamtaja yule Diogenesi kwa kumsifu, akisema kwamba hakutafuta anasa, alitaka tu kuondoa madhara. Mji kwa mji, tabibu kwa tabibu, na kila mmoja alisema kwa uhakika wote kana kwamba amechungulia ndani. Warumi waliongeza dhihaka ya mkono wa kushoto. Mshairi wao Martiali alimwandikia mtu mmoja kwamba anachokipoteza vidoleni mwake ni mwanadamu. Wazee wetu, ambao walitukataza kumpa mgeni kitu kwa mkono wa kushoto, wangalielewa dhihaka hiyo mara moja, ingawa wasingeiandika.

Neno hilo la Martiali, kwamba ni mwanadamu aliyepotea, ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata. Tulitazame kidogo.

Watu wa kale hawakuwa na darubini. Walimwona mkulima akitupa mbegu udongoni, nao wakafikiri kwamba mwanamume ndiye mpanzi na mwanamke ni shamba. Wako waliosema kwamba mwanamke naye ana mbegu yake, kama vitabu vya shule ya Hipokrati vinavyosema. Lakini Aristotle alishikilia kwamba mwanamume hutoa umbo na uhai, na mwanamke hutoa kitu cha kufinyangwa tu. Ukiamini hivyo, basi kumwaga mbegu si kumwaga maji. Karibu ni kumwaga mtoto. Mwaka wa 1677 ndipo Leeuwenhoek, Mholanzi, alipoziona mbegu za mwanamume katika kioo cha kukuzia, zikiogelea kwa maelfu. Na yai la mamalia likaonekana mwaka wa 1827 tu, machoni pa Karl Ernst von Baer. Leo mtoto wa shule anajua kwamba mbegu moja si mtoto, na kwamba mwili wenyewe hutoa mamilioni yasiyo na kazi. Wale wa kale hawakulijua hilo, nasi tusiwacheke.

Sasa twende katika Israeli. Fungueni Mambo ya Walawi, sura ya 15. Hapo Torati yasema juu ya mwanamume atokwaye na mbegu. Haiulizi zimetokaje, usingizini au vinginevyo. Yasema aoge mwili wake wote kwa maji, na nguo iliyoguswa ifuliwe, naye ni najisi mpaka jioni. Jua likizama, mambo yamekwisha. Na mstari wa 18 waagiza kuoga kule kule kwa mume na mkewe waliolala pamoja, ambao hakuna mtu atakayesema walitenda dhambi. Tena mwenye ugonjwa wa kutokwa na kisonono, katika sura iyo hiyo, yampasa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa kwa kuhani. Huyu wa mbegu hakuagizwa kuleta hata unyoya. Ni jambo la maji na la kungoja jioni. Wala mahali pengine po pote katika Torati, ambayo hutaja kwa majina makosa mengi ya mwili, hata yale tunayoona haya kuyasoma kwa sauti, hakuna amri iliyolitaja jambo hili la kijana wetu.

Basi Onani je?

Soma Mwanzo sura ya 38 polepole, usiisome kwa kukimbia kama mtu apitaye makaburini. Yuda alikuwa na wana watatu: Eri, Onani na Shela. Eri akaoa mke, jina lake Tamari, akafa bila mtoto. Yuda akamwambia Onani amwingilie mke wa ndugu yake ili ampatie marehemu uzao. Desturi hii yapatikana tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, na wasikilizaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa, hasa wale wa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria. Ndugu humwingia mjane, na mtoto atakayezaliwa ni wa marehemu. Jina ni la marehemu, na shamba ni la marehemu.

Hapo ndipo penye kiini. Biblia yatuambia Onani alijua kwamba uzao hautakuwa wake. Tufanye hesabu kidogo kwa kanuni ya Kumbukumbu sura ya 21, kwamba mzaliwa wa kwanza hupata mafungu mawili. Wana watatu, mali inagawanywa mafungu manne: Eri mawili, Onani moja, Shela moja. Eri akiwa na mtoto, hata wa kuzaliwa kwa njia hii, mafungu mawili yaenda kwa mtoto huyo, na Onani abaki na robo. Lakini jina la Eri likifutika, wamebaki wana wawili, naye Onani ndiye mkubwa. Mali itagawanywa mafungu matatu, naye atachukua mawili. Kutoka robo moja mpaka theluthi mbili! Sura hiyo haikuiandika hesabu hii, lakini kila mtu aliyewahi kuketi katika kikao cha kugawa shamba la marehemu aweza kuifanya kichwani.

Tena aliweza kukataa. Torati iliweka njia kwa asiyetaka: mjane humshtaki mbele ya wazee mlangoni pa mji, akamvua kiatu, akamtemea mate usoni. Ni aibu, lakini hafi. Onani hakukataa. Alikubali mbele ya baba yake na mbele ya watu, akaingia kwa Tamari, akajipatia raha ya mwili wake, na alipofika mwisho akazimwaga mbegu chini. Na maneno ya Kiebrania yaonyesha kwamba hakufanya mara moja. Ilikuwa kila alipoingia. Mjane yule alikuwa akilala kila usiku akitumaini mtoto wa kumlinda uzeeni, na mtu aliye karibu naye anajua kwamba mtoto hatakuja, wala hamwambii. Onani alimwibia ndugu yake aliye kaburini, akamdhulumu mjane aliye hai, akamdanganya baba yake. Hakuwa peke yake kitandani, ndugu wasikilizaji. Hakuna katika sura hiyo kijana mpweke gizani na aibu yake. Aliyemo ni mtu mzima aliyenuia kula urithi wa marehemu.

Mtauliza, mambo hayo mawili yalichanganyikaje? Yalichanganyika polepole, na wengi wana sehemu. Marabi wa Kiyahudi, ambao maneno yao yalikusanywa katika Talmudi ya Babeli karne ya tano na ya sita, walilikaza sana. Wakasema atoaye mbegu bure amestahili kufa, wakamtaja Onani kuwa ushahidi, na wengine wakafananisha tendo hilo na kumwaga damu. Katika Kanisa, Klementi wa Aleksandria, aliyefariki yapata mwaka wa 215, alifundisha kwamba mbegu ni kwa ajili ya kuzaa, haipasi kutupwa. Agostino naye alimtaja Onani, lakini kwa habari ya watu wa ndoa wanaozuia watoto. Katika hilo alikuwa karibu zaidi na Biblia. Baadaye walimu wa zama za kati walilichukua neno la Kiyunani katika 1 Wakorintho 6, ambalo maana yake ni "laini", wakalifasiri kuwa ni jambo hili. Wataalamu wa Kiyunani siku hizi hawalifasiri hivyo. Na tusijifanye kwamba matengenezo ya Kanisa yaliondoa haya yote. Luther na Calvin, baba zetu katika imani, walimkemea Onani kwa maneno makali kuliko tuwezavyo kuyarudia hapa.

Lakini hofu ya upofu na wazimu haikutoka kwao. Hiyo ni mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 kilitokea London kitabu kidogo kilichoitwa Onania. Mwandishi alificha jina lake, akayataja maradhi ya kutisha yatakayowapata vijana, na ndani ya kitabu hicho hicho akatangaza dawa za kununua. Wanaokwenda sokoni siku ya gulio wanamjua mtu wa namna hii. Mwaka wa 1760 daktari mmoja wa Lausanne, Uswisi, jina lake Tissot, akakitoa kitabu chake kwa Kifaransa, akayatia madai hayo nguo za udaktari. Na kwa kuwa alikuwa daktari wa kuheshimiwa, watu walimsadiki. Kwa zaidi ya miaka mia vijana wa Ulaya na Marekani walifungwa mikono usiku, wakanyimwa vyakula, wakapelekwa kwa waganga. Hatimaye madaktari wenyewe walichunguza wakaona kwamba hayo si kweli. Jambo hili halimpofushi mtu, halimtii wazimu, halimfanyi tasa. Yule mwalimu hakusema uongo kwa makusudi. Alipewa naye akapokeza, na huenda aliyempa alikuwa mtu mwema vile vile.

Mwanetu, umesikia jibu la swali lako la kwanza. Na la pili nadhani umeanza kuliona mwenyewe. Hutakufa kama Onani, kwa sababu hukufanya alilofanya Onani. Weka kioo chini.

Hatusemi kwamba kwa kuwa Torati imenyamaza basi hakuna neno. Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, alilipeleka jambo la tamaa mpaka moyoni, alipomtaja mtu amtazamaye mwanamke kwa kumtamani. Basi jiulize hapo: ni nani unayemwona moyoni, na je, kesho ukikutana naye njiani utaweza kumsalimu kama dada? Hilo ni swali la kweli, na wachungaji wanaoogopa Mungu hawalijibu wote kwa namna moja. Kuna wasemao ni dhambi daima. Kuna wasemao ni jambo la ujana, lipitalo, ambalo huwa kifungo likimtawala mtu na kumfungia ndani mbali na wenzake. Sisi tunaona kwamba kijana aliyejaa hofu hawezi kulichunguza swali hili hata kidogo. Yeye hushughulika na macho yake tu.

Na kuhusu Meza ya Bwana, tuna habari ya zamani ya kukupa. Yohana Kasiano, aliyekaa miaka mingi pamoja na watawa wa jangwa la Misri, kisha akaanzisha nyumba za watawa Marseille yapata mwaka wa 415, asimulia juu ya ndugu mmoja huko jangwani. Ndugu huyu alikuwa mtu safi, mwenye kujihadhari. Lakini kila ilipokaribia siku ya kushiriki, usiku ule alitokwa na mbegu usingizini. Akajizuia, akangoja. Akajizuia tena. Mwisho akawaendea wazee. Wazee wale hawakumtisha. Walimuuliza kama anakula kupita kiasi, hakuwa akila. Walimuuliza kama moyo wake umelegea, haukuwa umelegea. Ndipo wakatambua kwamba adui alikuwa na shabaha moja tu, nayo ni kumweka mtu huyu mbali na meza. Wakamwambia aende akashiriki. Akaenda, na shida ile ikakoma.

Twajua habari yake si yako hasa. Yeye alikuwa amelala. Lakini mara tatu ni mara tatu. Nenda kwa mchungaji wako kabla ya Jumapili, au kwa mzee wa kanisa unayemwamini, umwambie yale uliyotuandikia sisi. Akiona ugumu wa kukujibu, mwonyeshe gazeti hili. Tumekutumia barua pia, katika bahasha isiyo na jina letu nje.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na sura ii hii ya 38, tumtazame Tamari, alivyorudishwa nyumbani kwa baba yake kungoja kijana Shela akue, na jinsi Yuda alivyokiri mbele ya watu kwamba mwanamke huyo alikuwa na haki kuliko yeye.